Kikombe Nilichomnyima Baba Yako

Anyango,

Umeenda kule Satellite kusukwa nywele, na yule dada wa saluni namjua, hamalizi kichwa kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Mambo ya basi, ya sanduku, ya sabuni na ya kunipigia simu ukifika tumeyasema mpaka ukachoka. Sitayarudia.

Nilitaka uende Kisumu salama, mimi nibaki na langu. Lakini Jumapili, ulipokuwa ukikunja nguo, ulisema neno moja. Ulisema, "Mum, usijali kuhusu waya Risper. Nitampikia vile ulikuwa unampikia baba. Kwangu hataona ugali wala sukari, hata akilia." Ukacheka. Mimi nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na kamba haikuwa na nguo hata moja.

Huyo waya, shangazi yako Risper, ana ugonjwa uleule wa baba yako, na anameza tembe zilezile. Miaka hii miwili ya chuo wewe ndiye utakayekuwa jikoni kwake. Siwezi kukuacha uondoke na mapishi yangu kabla sijakueleza yalituletea nini sisi.

Nitaanza mbali kidogo. Univumilie.

Ulikuwa Form Two baba yako alipoanza kukonda. Unajua alivyokuwa, fundi wa makochi mwenye mabega ya kubeba sofa ya watu watatu peke yake. Mashati yakaanza kumning'inia. Alikuwa anakunywa maji usiku na mchana, na kila saa anatoka kwenda msalani. Na Kibera mwanamume akikonda, watu hawaulizi mara mbili, wanasema ni ukimwi. Wateja wangu wa chapati pale soko la Toi walikuwa wananiuliza, "Mzee yuko aje?" kwa sauti ya kuniombea.

Siku moja nikamfungia mlango nikamwambia, "Umeniletea nini ndani ya nyumba hii, Baba Anyango?"

Akasema, "Sijakuletea kitu."

"Basi mbona unaisha?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Sikumwamini. Nikatoa mto wangu nikaja kulala na wewe. Nilikuambia ni joto. Karibu miezi miwili mwanamume yule alilala peke yake akiwa mgonjwa, akiamini kwamba anakufa, na mke wake amempa mgongo. Hakuwahi kunitukana. Asubuhi alikuwa anawasha jiko kabla sijaamka ili nikute maji ya moto.

Ni yule mama mzee wa nyumba ya pili aliyetuokoa. Aliona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba, mahali baba yako alipokuwa anakojoa akishindwa kufika chooni. Akaniita. "Mama Anyango, hebu angalia hawa wadudu. Mkojo wa mtu huyu ni mtamu. Mpeleke akapimwe sukari."

Tulienda kliniki. Sista akamdunga kidole, akaweka damu kwenye kile kimashine, akasema, "Kumi na tisa. Mzee, wewe una kisukari." Nami nilicheka, Anyango. Nilicheka kwa sauti mle ndani, watu kwenye foleni wakachungulia. Baba yako aliniangalia na akaelewa nilikuwa nacheka nini. Hakucheka.

Nadhani ukali wangu ulizaliwa siku ile. Nilikuwa nimemkosea vibaya, na sikujua namna ya kumwambia pole. Nikaamua badala ya kumwomba msamaha nitamponya.

Sista alitufundisha vizuri, simlaumu hata kidogo. Alituambia ugali, wali, chapati, viazi na mkate, vyote vikifika tumboni vinakuwa sukari, hata kama havina utamu mdomoni. Akasema nusu ya sahani iwe mboga, halafu samaki au mayai au maharagwe, na ugali ukiwepo uwe kidogo kama ngumi ya mtoto. Nilishika kila neno. Akasema pia neno jingine, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo. Alisema, "Hizi tembe zinashusha sukari, na hazijui kama umekula au hujala. Usimeze bila chakula. Ukiona unatetemeka, jasho jembamba, kichwa kinazunguka, kunywa maji ya sukari hapohapo, usingoje."

Nililisikia. Nilikuwa nimekaa palepale. Lakini akili yangu ilikuwa imejaa vitu vya kumkataza, na hilo la kumpa halikupata pa kukaa. Mtu mwenye sukari anywe sukari? Nilidhani ni maneno ya wagonjwa wengine.

Mengine unayajua kwa sababu uliyala pamoja nasi. Kutwa nilikuwa nasukuma chapati za watu, jioni nakuja kumpikia mume wangu mboga ya managu na dagaa wa omena. Ngumi ya mtoto niliiona kubwa, nikaiondoa kabisa. Mayai, matumbo, mrenda, kunde, maziwa lala, nusu ya parachichi. Alikuwa anaangalia sahani, ananiita binti wa Kitui kwa lugha yao, anasema, "Nyar Kitui, Mjaluo asipoona ugali huwa anauliza chakula kiko wapi." Nami namjibu, "Kiko kaburini, kinakungoja." Mlikuwa mnacheka nyote wawili. Alinibandika jina Sajini. Nilikuwa napekua mifuko ya suruali yake nikitafuta makombo ya mandazi. Niliwaambia wenye vibanda vyote hadi barabarani wasimuuzie soda. Siku moja yule wa duka la kona alimuuzia, nikaenda kumfokea mbele ya wateja, na baba yako amesimama hapo na chupa mkononi kama mtoto wa shule. Alirudisha ile chupa. Mzee wa miaka arobaini na saba! Hilo nalo ningependa kulirudisha nyuma.

Lakini sitakudanganya, chakula kile kilimsaidia. Kidonda cha mguu kilichokuwa kimekataa kupona kilifunga. Macho yakarudi, akaanza tena kutunga uzi kwenye sindano bila kuniita. Sukari ikashuka mpaka saba, mpaka sita. Mara ya mwisho kabla ya Krismasi, sista alifurahi akasema, "Mrudi Januari. Chakula chenyewe kimeshafanya kazi, daktari atazipunguza hizi tembe, zisije zikamzidi."

Januari gani, mwanangu? Unajua Januari ilivyokuwa baada ya uchaguzi.

Wewe ulikuwa umeenda kwa nyanya yako Kitui baada ya mtihani, na barabara zikafungwa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Soko la Toi lilipoungua, kibanda changu kiliungua nalo, na karai langu la chapati nililiona siku mbili baadaye limejikunja kama jani. Bado tulikuwa tunajikaza. Halafu wanasiasa wa kwetu Ukambani wakaingia serikalini, na kuanzia hapo, pale Kibera kwenye ngome ya wapinzani, nikaanza kuangaliwa vingine. Jirani yetu mwenyewe, mtu wa huko kwao baba yako, alikuja akasimama mlangoni akiwa na aibu. "Mama Anyango, sisi tunakujua. Lakini hawa vijana wa huko chini hawakujui. Nenda kwa dada yako siku mbili tatu."

Anti yako Ndanu alikuwa na chumba chake Kawangware. Kule mimi nilikuwa salama. Lakini kule vijana wa Kikuyu walikuwa wanatafuta Wajaluo mlango kwa mlango. Kibera yeye alikuwa salama, mimi sikuwa. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini, na hapakuwa na mlango mmoja Nairobi ambao ungetupokea wote wawili.

Nilimwambia abaki. Nilimwambia mara moja tu, kwa sauti ndogo, kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda peke yangu. Akasema, "Sikuachi." Ningemwambia mara ya pili. Ningemkasirikia. Nilijua sana kumkasirikia kwa chapati.

Tulitembea kwa miguu, yeye amevaa kofia imemfunika uso. Unajua kitu cha kwanza nilichopakia? Tembe zake. Kabla ya nguo, kabla ya kitambulisho changu.

Chumba cha Ndanu ni mabati matupu, jirani akikohoa unamsikia. Tukakubaliana baba yako asitoke na asiseme chochote, kwa maana akifungua mdomo tu, hata kwa Kiswahili, angejulikana anatoka wapi. Haja alikuwa anaenda kwenye ndoo. Siku ya kwanza tulipata mayai mawili, nikampa yote. Siku ya pili maduka yalikuwa yamefungwa. Ndanu alikuwa na unga wa mahindi, majani ya chai, sukari kwenye mkebe, na nusu ya kabichi. Akasonga ugali. Mimi na yeye tukala. Baba yako nikampa kabichi peke yake.

Ndanu akanong'ona, "Dada, na yeye?"

"Yeye hali ugali."

"Hata leo?"

"Sukari haijui kama leo kuna vita."

Nilijiona nimesema neno la maana sana.

Siku ya tatu hata kabichi ilikuwa imeisha. Asubuhi nilimpa tembe yake na kikombe cha strungi, chai kavu isiyo na maziwa wala sukari. Aliimeza akaniangalia, akatabasamu kidogo. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nawaza kwamba vita vikiisha nitamwambia sista, hata siku zile hatukukosa dawa hata mara moja.

Karibu saa sita mchana alianza kutoka jasho. Nilidhani ni joto la mabati. Mikono ikaanza kutetemeka, nikadhani ni woga, hata mimi nilikuwa natetemeka. Akasema polepole, "Mama Anyango, nipe chai yenye sukari. Kidogo tu."

Nikamwambia, "Hapana."

"Nasikia vibaya. Nasikia kama naondoka."

"Ndiyo maana siwezi kukupa. Hiyo ndiyo inayokuua."

Hakubishana. Nilikuwa nimemfundisha kutobishana. Baada ya muda akaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, kama mlevi, na kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Alikuwa anamwita mama yake aliyekufa. Nje vijana walikuwa wanapita, tunasikia nyayo zao. Nikamrukia nikamziba mdomo. Ndanu alikuwa ameshatia chai, ameshatia vijiko vitatu vya sukari na anakoroga, machozi yanamtoka. "Dada, mpe! Mgonjwa akiomba kitu hupewa!"

Kwa mkono mmoja nilikuwa nimeziba mdomo wa baba yako. Kwa mkono wa pili nikachukua kile kikombe kutoka kwa Ndanu, nikakimwaga kwenye karai la vyombo.

Anyango, alikuwa anaangalia kile kikombe. Si mimi, kikombe.

Halafu akatulia. Mwili wote ukalegea, macho yakafunga. Vijana wakapita. Na mimi nikasema, "Asante Mungu." Nilisema hivyo. Nilidhani amelala. Nikamfuta jasho kwa leso yangu nikakaa hapo nikimlinda, nusu saa nzima, labda zaidi, na mkebe wa sukari uko pale ninapoufikia bila kuinuka.

Alipoanza kukoroma vibaya na kurusha miguu ndipo nilipopiga kelele. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa jirani, muuza makaa, mzee wa Kikuyu tuliyekuwa tunamwogopa kuliko wote. Akasema, "Mimi nimejua tangu juzi kuna mwanamume humu. Leteni shuka." Akamlaza baba yako kwenye mkokoteni wake wa makaa, akamfunika mpaka kichwani, akatuambia mimi na Ndanu tutembee kando tukilia. Barabarani vijana wakatusimamisha. Akawafokea kwa Kikuyu, baadaye Ndanu akanieleza alichosema: ni mwanamke anajifungua, mnataka kuangalia? Wakatupisha. Mtu yule alihatarisha shingo yake kwa mtu ambaye hakuwahi hata kusalimiana naye. Mimi niliyekuwa na mume wangu miaka ishirini nilishindwa kumpa chai.

Kule Riruta tulipata zahanati ndogo, geti limefungwa nusu. Nesi akamdunga kidole, akaangalia kile kimashine, akadunga tena. "Huyu sukari imeisha mwilini! Alikula nini?"

"Kabichi. Jana."

"Na tembe alimeza?"

"Ndiyo. Hakukosa."

Nesi alikuwa anatafuta mshipa mkononi mwake. "Mama, hamkuwa na sukari nyumbani? Hata kijiko?"

Mpaka leo sijamjibu.

Walimtundika maji ya glukosi, wakampa mengine. Alipumua mpaka kesho yake saa nne asubuhi. Hakufungua macho. Nilikuwa nimemshika mguu, ule uliokuwa na kidonda. Ulikuwa umepona vizuri, ngozi laini kabisa.

Nilipokupigia simu Kitui nilisema sukari ilimpanda. Ukalia, halafu ukasema, "Si ulijaribu, mum. Hakuna mtu angejaribu zaidi yako." Nikalishika neno hilo kama mtu anayezama. Kila aliyeniuliza nikampa jibu hilohilo. Barabara zilipofunguka tukampeleka kwao, na pale kaburini shangazi yako Risper akanikumbatia mbele ya ukoo wote. Akasema, "Huyu si wa kabila letu, lakini alimtunza ndugu yangu kuliko sisi tungemtunza." Wale waliokuwa wananinung'unikia wakanyamaza. Nikaipokea hiyo heshima, mwanangu. Nikainamisha kichwa nikaipokea. Ndanu alikuwa amesimama nyuma yangu, na tangu siku hiyo hatujaongea juu ya kile kikombe.

Nimejiuliza sana ni nini hasa kilichonipofusha. Njaa na vita havikunisaidia, lakini si hivyo. Nilikuwa nimezoea kuwa sahihi. Miaka miwili kila nilichomkataza kilimfaa, na kila mara nikisema hapana, kipimo kinashuka. Mtu akizoea hivyo anaacha kumwangalia mgonjwa, anaangalia sheria. Baba yako alijua mwili wake ulikuwa unasema nini. Alinieleza kwa lugha nyepesi kabisa, "nasikia kama naondoka," na mimi niliona ni tamaa tu inaongea.

Kwa hivyo nakuomba, waya Risper asikuone umeingia na ukali wangu. Mpikie mboga na omena na mayai, mapishi ni mazuri na yatamfaa, na usiogope. Lakini kabla hujampunguzia ugali hata tonge moja, nendeni kliniki pamoja, uwaambie unataka kubadilisha chakula chake, waangalie zile tembe. Akikosa hamu ya kula asubuhi, usimpe tembe kwanza, uliza kliniki. Na asikuogope, Anyango. Mtu akikuogopa hatakuambia anatetemeka mpaka awe amechelewa.

Kuhusu barua hii, nimefikiria kukuambia uichome. Ningelala vizuri zaidi. Lakini shangazi yako alinishukuru kwa kitu ambacho sikukifanya, na anameza tembe zile kila asubuhi bila kujua zilimfanyia nini ndugu yake. Msomee. Msomee yote, hata pale kwenye karai la vyombo. Najua anaweza kunitoa katika ukoo wao. Najua huenda nisiruhusiwe tena kufika kwenye lile kaburi. Wewe pia huenda ukapita muda kabla hujataka kuisikia sauti yangu, na sitakupigia kukuuliza kwa nini. Utakapokuwa tayari, nitakuwa hapa.

Barua nitaiweka kati ya nguo zako, juu, ili uione ukifungua sanduku. Isome kabla hujapika chakula cha kwanza. Na siku utakapomwona waya yako jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno yanampotea, usikumbuke lolote nililokufundisha jikoni. Tia sukari kwenye maji, mshike kichwa, mpe anywe.

Mama yako